Bi Hawa Alishinda?

 Leo, msikilizaji wangu, sina hotuba, nina swali tu. Lishike vizuri kabla hujarudi kwenye kumenya vitunguu.

Mama mmoja aliolewa mwaka 2009, ndoa halali, cheti kipo kabatini. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa, Dar es Salaam hadi Tunduma, leo yupo keshokutwa hayupo. Mama hana ajira. Amezaa watoto watatu na kuwalea, amemuuguza mama mkwe mpaka siku ya mwisho, na nyumba yao ya Chanika ilipokuwa inajengwa, yeye ndiye aliyewapikia mafundi na kuhesabu mifuko ya saruji isiyeyuke usiku. Hati ya kiwanja ina jina moja tu, la mume. Sasa mume kamwambia: mimi na wewe basi, beba nguo zako urudi kwenu. Je, mama ana haki yoyote katika nyumba ile? Na kama anayo, aanzie wapi?

Usimtafute mama huyo Chanika, nimembuni. Lakini hilo ndilo swali ambalo ningependa kila chuo chenye kitivo cha sheria kiwape wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika wiki ya nne tangu wafike, wangali wanapotea wakitafuta vyumba vya mihadhara. Wagawe wanne wanne, watu wasiojuana. Wape saa tatu, maktaba, na simu zao zenye bando. Wakirudi walete ukurasa mmoja wa jibu, na kila wanaposema "sheria inasema", waonyeshe ilikosema. Waamuzi wawe wakutubi wawili na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho. Timu ya kwanza ipate kreti ya soda. Ya mwisho nayo ipate soda, maana hii ni mechi ya kirafiki na hakuna anayeshuka daraja.

Utaniambia mashindano ya sheria yapo tele. Yapo, na ni mazuri. Vyuo vya Afrika hukutana kila mwaka kuigiza mahakama katika shindano la haki za binadamu lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1992, na kuna lile la sheria za kimataifa lenye jina la Jessup ambalo dunia nzima hulikimbilia. Lakini angalia picha zinazorudi kutoka huko. Aliye mbele na suti yake ni msemaji. Yule aliyekesha siku tatu akifukua kesi yuko ukingoni, kashika faili, nusu ya uso wake imekatwa na fremu. Sisi Waswahili tunapenda mtu anayejua kusema, na mtoto mbishi nyumbani huambiwa, "huyu atakuwa wakili." Sijawahi kusikia mzazi akimtazama mtoto anayetafuta ufunguo uliopotea chumba kwa chumba, bila kukata tamaa, akasema, "huyu atakuwa wakili." Na huyo ndiye ningemwajiri.

Haya, tuchezeshe mechi hapa hapa hewani.

Timu ya kwanza hawakuingia maktaba kabisa. Waliketi chini ya mwembe wakaulizana wanachokijua. Mmoja ana shangazi aliyeachika, mwingine babake ni mjumbe wa nyumba kumi. Wakaandika: mali ya ndoa ni nusu kwa nusu. Mwanafunzi mwenye wiki nne za sheria kichwani atawacheka sana. Asicheke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo wanandoa wamezichuma kwa jitihada zao za pamoja, pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Inaitaka itazame mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi, madeni waliyoyabeba kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayatazama hayo, inaiambia ielekee kwenye usawa. Ielekee, msikilizaji. Haikusema ikate katikati kama mkate. Kwa hiyo mtaa umesikia jambo la kweli, ila umelishika neno la mwisho na kuyaacha yote yaliyolitangulia. Ningewapa alama tatu kwa kumi. Ya nne ningewanyima kwa kuwa hawakuonyesha walikoitoa.

Timu ya pili wana desa. Kwa ambaye hajapita chuoni: desa ni noti zinazorithishwa mwaka hadi mwaka, kopi ya kopi ya kopi, mpaka herufi zimekuwa kama nyayo za kuku kwenye majivu. Kwenye desa lao upo mstari mmoja: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32, kazi za nyumbani ni mchango. Wakafurahi, wakapigana viganja. Wakaandika: mama wa Chanika atashinda kama alivyoshinda Bi Hawa.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye utamu.

Kwanza hizo herufi. Nilipokuwa mwaka wa kwanza, mwalimu alinipa kikaratasi kilichoandikwa mfano wa hivyo, mabano, mwaka, herufi tatu na namba. Nikaenda maktaba nikatafuta rafu namba 32. Niliipata. Ilikuwa ya vitabu vya misitu. Nikarudi bwenini nikasema kitabu kimeazimwa, na uongo ule niliubeba muhula mzima kwa sababu niliona aibu kumwuliza mkutubi. Kumbe ningeuliza ningeambiwa kwa nusu dakika: mwaka ulio kwenye mabano ni wa juzuu, TLR ni ripoti za sheria za Tanzania, 32 ni ukurasa kesi inapoanzia. Siku hizi hukumu nyingi ziko kwenye TanzLII, maktaba ya mtandaoni ya Mahakama ya Tanzania, na huhitaji kulipa hata senti moja kuzisoma. Huko utakuta TZCA, maana yake Mahakama ya Rufani ya Tanzania, au TZHC, Mahakama Kuu. Ndugu zetu wa Kenya wanazo zao zinazoanza na KE. Ukishazielewa herufi hizo zinakuwa kama namba za daladala: unajua gari linatoka wapi na linaishia wapi kabla hujapanda.

Sasa kesi yenyewe. Kabla ya mwaka 1983 majaji wetu walikuwa hawajakubaliana. Sheria ilisema jitihada za pamoja, lakini mke aliyeshinda jikoni amefanya jitihada gani katika kununua bati? Wapo waliosema kufua, kupika na kulea ni wajibu wa mke tu, hakuhusiani na mali, na msimamo huo mwembamba utaukuta katika shauri la Zawadi Abdallah dhidi ya Ibrahim Iddi, lililo katika ripoti za mwaka 1981. Wengine waliutazama mchango kwa macho mapana zaidi. Bi Hawa alipofika Mahakama ya Rufani alikuta mlango mmoja una kufuli mbili. Jopo likiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali likalimaliza jambo: ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mtu mwenye familia, hivyo anayeutunza ustawi huo anachangia katika kupatikana kwa mali. Kazi za nyumbani zikaingia kwenye hesabu. Hilo ndilo lililompa Bi Hawa jina linalotajwa na wanafunzi mpaka leo.

Lakini Bi Hawa mwenyewe aliondoka na nini?

Aliondoka mikono mitupu. Rufaa yake ilitupwa. Mahakama iliona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzishia biashara ya familia, yeye akazitumia visivyo na biashara isiwepo, hivyo hakustahili kupata zaidi. Kanuni aliyoiacha imewafaa wanawake wengi waliokuja baada yake. Yeye haikumfaa. Watu wanalitaja jina lake kama la mshindi wa ligi, na hukumu iko pale pale, kurasa chache, yeyote anaweza kuifungua. Ukiisoma mpaka mwisho kuna ukakasi fulani unabaki kooni, na mimi naamini mwanasheria mchanga anauhitaji ukakasi huo kuliko anavyohitaji suti.

Timu ya desa basi wamepata kanuni sahihi na matokeo yasiyo sahihi. Tena swali letu lina tundu ambalo desa haliwezi kuliona: je, dereva wetu aliwahi kumpa mkewe mtaji? Hatukuambiwa. Timu nzuri ingeandika: inategemea, na tungemwuliza mama jambo hili. Ningewapa alama ya ziada kwa kuuliza. Katika shindano hili anayesema "hapa hatuna uhakika, na sababu ni hii" asipunguziwe kitu. Anayetaja kesi ambayo hajaifungua ndiye wa kukatwa alama mbili papo hapo.

Halafu kuna hatua wanayoiruka karibu wote: kuuliza kama uamuzi bado uko hai. Kesi ya 1983 ina miaka zaidi ya arobaini. Imefuatwa? Imepunguzwa makali? Anayeendelea kuchimba atakutana na rufaa namba 102 ya mwaka 2018, Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, iliyosikilizwa na Mahakama ya Rufani Tanga. Humo atajifunza kwamba ukubwa wa mchango ni jambo la ushahidi, na anayedai ndiye anayepaswa kuuthibitisha. Sasa zile siku za kuwapikia mafundi na kuhesabu mifuko ya saruji zimegeuka. Mwanzoni zilikuwa pambo la hadithi yangu, sasa ndizo kesi yenyewe. Nani alimwona? Fundi gani atakuja kusema? Wa mwaka wa kwanza akishaliona hilo, kazi ya utafiti imeanza kumwingia kwenye damu.

Timu ya tatu nitaipitia haraka. Hawa waliiuliza akili mnemba kwenye simu, ikawapa kesi tano zenye majina mazuri ya Kitanzania, mwaka, ukurasa na nukuu. Walipoulizwa wazionyeshe, tatu hazikuwepo duniani. Usiwaone wajinga. Mwaka 2023 jijini New York mawakili wenye uzoefu wa miaka mingi walipeleka mahakamani hoja zenye hukumu zilizotungwa na mashine, katika shauri la abiria Roberto Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Wakapigwa faini ya dola 5,000. Mimi simkatazi mwanafunzi kuiuliza mashine, maana hata mjomba wako ukimwuliza atakujibu na si lazima awe amesoma. Ila jina la kesi likishatajwa, lazima mtu mwenye macho aende akaione.

Na swali la pili, aanzie wapi, wamelisahau karibu wote, kwa kuwa limekaa kinyonge mwishoni. Jibu lake si mahakamani. Sheria ya Ndoa hiyo hiyo, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha, ndipo ombi la talaka lipokelewe, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Mama wa Chanika akikimbilia mahakamani leo, anaweza kurudishwa mlangoni akiwa na nauli ya kwenda tu. Timu inayoweza kuandika insha ya kurasa kumi kuhusu usawa wa kijinsia na isijue kumwelekeza mama aende ofisi gani kesho asubuhi, mimi siipi hata soda ya pili.

Kwa nini nayapigia kelele mambo ya watoto wa mwaka wa kwanza? Mnakumbuka mwaka 2022. Matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yalitoka, na kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Mamia wakapewa sapu, yaani warudie mitihani, mamia wakapigwa disko, yaani wakaondolewa masomoni. Nchi nzima ikawa wakaguzi wa elimu kwa wiki mbili. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Wengine wakavilaumu vyuo, wengine wakailaumu shule yenyewe, wengine wakalaumu kwamba siku hizi kila mtu anasoma sheria. Sitaki kurudia ugomvi ule. Nasema tu kwamba mtu aliyekaa miaka mitatu au minne akila madesa, siku anapowekewa mbele mteja, hati, na swali lisilo na mhadhara wake, atatapatapa, na hakuna mtihani utakaomfundisha kutafuta kwa siku moja. Alipaswa kuanza wiki ya nne, akiwa bado anaruhusiwa kuonekana mshamba.

Tena kuna jambo la lugha. Kijana amesoma, lakini nyumbani na mtaani anafikiri kwa Kiswahili, kisha anakutana na hukumu ya mwaka 1983 ya Kiingereza, sentensi ina mistari saba na haipumui. Anaogopa, na mtu mwenye hofu hatafuti, ananakili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na mtakumbuka kwamba Februari mwaka huo Jaji Zephrine Galeba alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili akiwa Musoma. Lakini hazina ya miaka sitini na zaidi haijageuka kwa usiku mmoja. Kwa hiyo katika shindano langu ruhusa iwepo: soma Kiingereza, bishaneni Kiswahili, andikeni jibu kwa lugha ambayo mama wa Chanika angelielewa. Nimewahi kuona mtu akikariri kiini cha uamuzi kwa Kiingereza safi, ukimwambia akieleze kwa Kiswahili anakwama. Hapo unajua hakukielewa tangu mwanzo.

Na kwa nini wanne, si mmoja mmoja? Wazee husema penye wengi hapaharibiki neno. Kwa heshima yao, kwenye utafiti penye wengi neno huharibika vizuri sana, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake amehakiki. Ndiyo maana napenda timu igawane kazi kisha ibadilishane: aliyeitafuta kesi asiwe ndiye anayeihakiki. Mmoja afungue sheria, mwingine hukumu, wa tatu aulize kama bado ziko hai, wa nne awe mbishi tu, kazi yake kusema "nionyeshe." Huyo wa nne hachukiwi kwa muda mrefu. Saa ya tatu ikikaribia ndiye anayewaokoa.

Gharama? Kreti mbili tatu za soda, chumba, na mkutubi aliyekubali kuchelewa kurudi nyumbani. Kitivo cha kwanza kabisa cha kile kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa cha sheria, mwaka 1961, kikaanzia kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba kabla ya kuhamia Mlimani. Wanafunzi wenyewe hawakufika ishirini. Kama wale waliweza kuanza kwenye jengo la kuazima, kikundi cha wanafunzi wa leo hakihitaji kusubiri mfadhili wala bango lenye nembo.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Nakuachia swali la wiki ijayo, wewe na watu watatu wowote ulio nao hapo nyumbani. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti aolewe chini ya miaka 18, vinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hayo nimekupa bure. Sasa chukua simu yako, usimwulize jirani, usiniulize mimi. Fungua Sheria ya Ndoa, tafuta toleo linalotumika leo, nenda kifungu cha 13, usome kinavyosomeka sasa hivi. Ukikisoma, andika umekisoma katika toleo la mwaka gani.